Pinde Mbili za Kulwa

Nimesoma tanzia za watu wengi hewani bila sauti kukwama. Hii ya Kulwa, mpiga picha wangu, nimeiandika na kuifuta tangu jana, na bado haijanikaa kichwani.

Moyo, daktari alisema. Alikuwa ameketi anahariri picha, akalaza kichwa mezani. Tulidhani amechoka.

Kulwa alikuwa pacha. Doto alifariki wakiwa bado wananyonya. Kwao Misungwi, pacha anayebaki hapewi kitu peke yake: akinunuliwa shati, linanunuliwa na la mwenzake.

Ofisini aliagiza chai vikombe viwili. Mgeni akiuliza hicho kingine cha nani, alijibu, "Cha Doto. Kunywa tu, ukiomba hakasiriki." Hakuna aliyewahi kuomba.

Tuliwahi kuvuka ziwa kwenda Sengerema kumhoji fundi wa pinde, zile ndefu zinazofika kimo cha mtu. Katikati ya mahojiano Kulwa akaweka kamera chini.

"Kulwa, tuna deadline."

"Deadline ni yako, dada. Mimi nachagua upinde."

Akachukua mzuri kuliko zote, mweusi, umeng'arishwa kwa mafuta. Akauvuta, mkono ukatetemeka. Fundi akacheka. "Huo unakuzidi nguvu, kaka. Utakufundisha kulenga vibaya. Tafuta unaoweza kuuvuta hadi kwenye taya, ukakaa hapo bila kutetemeka. Na vuta kwa mgongo, acha kuvuta kwa mkono kama unateka maji kisimani!"

Alipopata wake, wa mti wa mkole, akauliza kama gogo lile lilitoa mwingine.

"Lilitoa. Wa nani?"

"Wa ndugu yangu."

"Ana urefu gani?"

"Kama mimi."

"Basi aje aupime mwenyewe."

"Ameshaupima," Kulwa akasema, akaushika ule wa pili bila kuuvuta. Fundi hakucheka tena. Alitufungia pinde zote mbili, akarudi ndani kabla hatujaaga.

Jioni za Jumamosi Kulwa alipiga shabaha Butimba, nyuma ya nyumba yake, kwenye gunia la nyasi kavu lililoegemezwa mwamba. Mshale mmoja kwa upinde wake, mmoja kwa wa Doto.

Wake ulikosa mara nyingi, naye akatukana kwa Kisukuma. Wa Doto aliuachia huku ananitazama mimi, anapiga soga. Sikuwahi kuuona ukikosa.

Siku moja nilimrekodi. Kwenye video mshale unaachiwa mara moja. Ugwe, ile kamba ya upinde, unasikika mara mbili. Mhariri alisema ni mwangwi wa mwamba, na inawezekana.

Pinde zile zilifanana mpaka kwenye mafundo ya mti. Zilining'inia kwenye msumari mmoja, hazikuwa na alama. Kulwa alizijua kwa mkono tu, na hakumwambia mtu.

Msibani Misungwi, mama yake aliniita kando. Alikuwa amezishika zote mbili.

"Mwanangu, Kulwa lazima azikwe na wake. Wa Doto unabaki nyumbani. Nikizika usio wake, atarudi kuutafuta wake. Nami sina nguvu ya kumwona mtoto wangu akirudi. Wewe ulikuwepo siku ya kuchagua. Upi ni wake?"

Nikasema sijui.

"Basi zivute."

Baba mdogo wa Kulwa akaingilia. "Shemeji, mwanamke avute upinde msibani?"

"Wewe ulikuwepo Sengerema?"

Baba mdogo akaenda kuniletea mishale.

Waombolezaji walirudi nyuma yangu. Mbele kulikuwa na shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, halina mtu wala mnyama. Nilivuta upinde wa kwanza. Mkono ulitetemeka, ugwe haukufika hata kwenye kidevu. Mshale ulianguka karibu, na mtu mmoja nyuma akasema, "Huyo abaki na runinga yake." Watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani.

Nilivuta wa pili. Sikuhisi uzito. Ugwe ulifika kwenye taya kabla sijaamua. Mshale uliondoka.

Hatukuusikia ukianguka. Kila mtu aliyekuwa pale alisubiri kuusikia. Vijana walilipitia shamba lote, wakarudi mikono mitupu.

"Upi, mwanangu?"

Niliwaza hivi: Kulwa alikuwa na mgongo wenye nguvu kuliko wangu, kwa hiyo wake ndio ungenishinda. Nikamwonyesha ule wa kwanza. Wakauvua ugwe, wakaulaza ubavuni mwake, wakafukia.

Wa pili baba mdogo aliuvua ugwe mbele yetu, akautundika chumbani kwa mama. Upinde usio na ugwe unanyooka. Niliuona umenyooka.

Leo asubuhi mama yake Kulwa amenipigia.

"Nani ameutia ugwe ule upinde?"

"Wa Doto?"

"Ulioko ukutani. Sijui tena ni wa nani. Umepinda, ugwe umekaza. Nilifunga mlango kwa ndani, nilikuwa peke yangu." Nilimsikia anapumua. "Niambie, mwanangu. Ni yupi kati ya watoto wangu ameshindwa kulala?"

Nimemwambia asiuguse, nakuja.

Kulwa, nipo stendi naelekea kwenu. Kama nilikosea, basi ule ni wako, na kabla jua halijazama nitakuwa nimekuletea kaburini. Usiingie kwa mama.

Kama sikukosea, huyo ni Doto anakutafuta nyumba nzima. Mwite. Sauti yako anaijua.

Mkishakutana, mlale. Mama naye apate kulala.