Diski za Mjomba Safi

Mtaani walimwita Safi, na jina lilimkaa. Mpiga picha gani mwingine hukifuta kiti kabla mteja hajakaa, akakifuta tena akishainuka? Kwa hiyo siku ilipoungua kadi iliyoziunganisha diski zake za picha zikafanya kazi kama kitu kimoja, mpwa wake, fundi wa kompyuta, alifika na kadi nyingine akakuta mjomba amekwisha kumsaidia. Diski zote zilikuwa zimechomolewa, zimepangwa mezani, zinang'aa. Namba alizozibandika fundi kuonyesha kila diski inakaa wapi zilikuwa kwenye ndoo ya taka.

"Zilijaa vumbi, mwanangu," mjomba alisema, tena kwa kujisifu.

Fundi alikaa, akashika tama. Alimpenda sana mjomba wake, lakini saa ile angeweza kumtia yeye ndani ya ile ndoo. Kila picha ilikuwa imegawanywa vipande katika diski zile, na nakala nyingine haikuwapo, maana mjomba hakuwahi kusikia la mtu. Humo ndimo ilimokuwa picha pekee ya mama yake fundi, marehemu, aliyeikwepa kamera maisha yake yote.

"Ndiyo tumekwisha?" mjomba aliuliza, sauti imemshuka.

"Bado. Kila diski ina kumbukumbu ya nafasi yake, na kadi hii nimeitafuta ya ukoo uleule, itazielewa. Ila wewe usiguse kitu. Hata kwa kidole, mjomba wangu."

Alichomoa waya wa umeme, akaibana kadi mahali pake, akazisukuma diski ndani moja moja kwa utaratibu wa mtu anayelaza mtoto. Kisha akawasha. Skrini ikatangaza kwamba imekuta diski ngeni, ikauliza: zipokelewe na mpangilio wake, au kila kitu kianze upya?

"Kianze upya!" mjomba alisema, kidole kimeshatangulia.

Fundi aliudaka mkono hewani. "Mjomba! Hapo ndipo picha zinapopotelea!"

"Mimi nikisikia upya, mkono unakwenda wenyewe," mjomba alijitetea, akaurudisha mkono kwapani kwa adabu zote.

Fundi akachagua zipokelewe. Taa za diski zikapepesa, zikatulia kijani. Aliifungua picha aliyoitaka kabla ya nyingine yoyote, akaisogelea skrini. Mama yupo, anacheka meno yote nje, uso kaugeuza pembeni.

"Mbona hatazami kamera?"

"Angetazamaje? Wewe ulikuwa nyuma yangu, kitoto hivi, umejizungushia waya wa taa yangu shingoni unajiona bibi harusi. Nikamwambia dada, tazama huku. Dada, huku! Wapi! Hakukubali kukuondolea macho."