Swali Ambalo Wanafunzi wa Selpha Hawaulizi Tena

Saa moja asubuhi, kwenye uga wa chuo kimoja cha uuguzi mjini Kitengela, Selpha Wangila ameketi kwenye kiti cha plastiki akijifanya mzee wa boma. Mbele yake wamejipanga wanafunzi wenye makoti meupe. Wa kwanza, Brayo, anamnyoshea mkono.

"Mkono wa nini?" Selpha anamkaripia. "Mimi ni rika lako? Leta kichwa!"

Wenzake wanaangua kicheko. Brayo anainama, naye Selpha anamgusa utosini kama wazee wa Kimaasai wanavyowasalimu vijana.

"Supa," anamwambia.

"Ipa," Brayo anajibu.

"Haya, wewe utapewa chai. Nani anafuata?"

Selpha si muuguzi. Ni afisa anayewatafutia wanafunzi hospitali na zahanati za kufanyia mazoezi, kisha kuwafuatilia huko waliko. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, tangu yeye na mumewe walipotoka Bungoma na kupanga nyumba hapa Kitengela.

"Sijawahi kudunga mtu sindano," anasema bila haya. "Lakini uliza muuguzi yeyote aliyesomea hapa ni nani alimfungulia mlango wa kwanza."

Mwaka jana mlango mmoja ulikaribia kufungwa kabisa.

Alikuwa amempeleka Lorine Ajwang, mwanafunzi kutoka Siaya, kwenye zahanati moja ndani ya Kajiado, mbali na lami. Siku ya kliniki ya wajawazito, chumba kikiwa kimejaa, Lorine alimuuliza mjamzito mmoja, Naisenya Kuntai, "Mama, uko na watoto wangapi?"

Naisenya alitazama pembeni. Lorine akadhani hakusikia, akapaza sauti. Alipoona hajibiwi, akawageukia watoto waliosimama mlangoni na kuanza kuwanyoshea kidole: "Mmoja, wawili, watatu…"

Naisenya alijifunga shuka yake akatoka. Wanawake wengine wakamfuata. Wiki iliyofuata mabenchi yalikuwa matupu.

Nailantei Sironka, muuguzi msimamizi wa zahanati hiyo, alimpigia Selpha simu. "Dada yangu, niondolee wanafunzi wako. Nimekaa miaka nikiwabembeleza hawa akina mama waje, na mtoto wako amewafukuza kwa kidole kimoja."

Kilichomtisha Nailantei zaidi ni kwamba Naisenya alikuwa amebakisha mwezi mmoja kujifungua, na uzazi wake uliotangulia ulimtoa damu nyingi. Akijifungulia nyumbani, huenda asipone.

Wakubwa chuoni walitaka Lorine ahamishiwe Nairobi na mambo yaishe. Selpha alikataa.

"Yaishe kwa nani?" anauliza, bado akiwa na moto. "Sisi tungeondoka, Naisenya angebaki na tumbo lake."

Alimwita Lorine ofisini. "Kwenu watoto wa mtu wanahesabiwa?"

"Hapana, madam. Nyanya angenichapa."

"Hata kwetu. Ukihesabu watoto wa watu ni kama unawaitia mabaya. Sasa mbona ulihesabu?"

Lorine aliinamisha uso. "Nilikuwa nimevaa koti jeupe, nikasahau ya nyumbani."

Jibu hilo Selpha hajalisahau. Siku iliyofuata walipanda pikipiki, wakiwa na sukari na majani chai, hadi bomani kwa Naisenya. Mama mkwe wake aliwapokea akiwa amekunja uso.

"Huyu ndiye wa kuhesabu?"

"Ndiye, yeyo," Selpha akajibu, akimwita mama kwa Kimaasai. "Nimemleta mumhesabu yeye. Ni mmoja tu, tena hana adabu."

Mama mkwe alijizuia, akashindwa, akacheka hadi akajifuta macho. Wakakaribishwa ndani.

Naisenya hakucheka. Alimtazama Lorine. "Watoto wangu unawatakia nini?"

Lorine alimweleza polepole: tumbo lililobeba mara nyingi huchoka, na likichoka linaweza kuachilia damu. Wahudumu wakijua mapema, huwa tayari.

"Basi ungeniuliza ni akina nani," Naisenya akasema. Akaanza kuwataja kwa majina, nani anachunga, nani anasoma, nani mtundu. Lorine alisikiliza hadi mwisho. Alichotaka kujua alikijua, na hakuna aliyetamka idadi.

Wiki tatu baadaye Naisenya alifika zahanati akishikwa mkono na mama mkwe. Damu ilimtoka tena, lakini safari hii dawa ilikuwa tayari, Nailantei upande mmoja na Lorine upande wa pili. Mama na mtoto wote walirudi nyumbani salama, na kliniki iliyofuata mabenchi yakajaa.

Leo wanafunzi wote wa chuo hicho huwaomba akina mama majina ya watoto wao. Mwezi huu chuo kimemtangaza Selpha kuwa mfanyakazi bora wa mwaka. Alipoulizwa angependa zawadi gani, aliomba basi la kuwabeba wanafunzi.

Anataka kuanzia Januari wanafunzi wasifundishwe adabu za boma na yeye ugani, bali na akina mama wenyewe, huko huko zahanati, kabla hawajamgusa mgonjwa. Naisenya amekubali kuwa mwalimu wa kwanza, kwa sharti moja.

"Alisema wahadhiri pia waje, maana hawa vijana hawakujifundisha wenyewe," Selpha anasema akicheka. "Basi lenyewe nimepewa. Na mkuu wa chuo nimeshamwekea kiti cha mbele."