Sumaku na Vidole vya Korosho

Miaka ya elfu mbili mume wangu alifanya kazi bandarini Mtwara, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ndege ndogo ya umeme, ya kuongozwa kwa rimoti, aliyoiunda mwenyewe. Ndani ya mota yake, sumaku nyembamba zilikuwa zimebandikwa kwa gundi kuzunguka kikombe cha chuma. Karibu kila Jumamosi sumaku moja ilibanduka, mota ikakwaruza kama paka anayetaka kufunguliwa mlango. Hapo ataitukana gundi, atamtukana aliyemuuzia, atalitukana na joto letu.

Mimi nilikuwa uani nachoma korosho juu ya bati. Moshi ulikuwa mzito, na nyumba yote ilielea ndani yake. Yeye alipita, akachota, akatafuna, akarudi mezani kupaka gundi.

Siku moja nikamfuata. "Hebu lete vidole ninuse."

Vilinuka mafuta ya korosho.

"Baba watoto, gundi itashika wapi hapo? Unazipaka sumaku mafuta mwenyewe, halafu unatukana watu!"

Alininunia. Kisha akanawa kwa sabuni, akazisugua sumaku kwa spiriti, akazibandika upya. Kutwa nzima hakugusa korosho.

Kesho yake jioni tulikwenda Naliendele, nje ya mji. Ndege ilipaa juu ya mikorosho, ikazunguka polepole kama wazo la mtu anayesinzia, mota ikivuma bila mkwaruzo. Mume wangu hakuiondolea macho. Alitoa tu mkono mmoja kutoka kwenye rimoti, akaunyoosha nyuma, kiganja wazi, nami nikakijaza korosho.