Moshi wa Ng'ambo ya Bonde

Nikifumba macho, mwanangu, naikumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya Ujamaa, kijijini kwetu juu ya njia iendayo Mlola, asubuhi iliyofuata tufani. Kaa vizuri, mimi sina haraka. Wewe ndiye mwenye haraka, na hiyo simu yako isiyojua kulala.

Nilikuwa nimeolewa karibuni tu, naishi na mama mkwe wangu, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja na ambaye nilimlilia alipokufa kama nilivyomlilia mama aliyenizaa. Mume wangu na vijana wengine walikuwa wameshuka Mombo kuchukua mbegu za kijiji. Miongoni mwao alikuwamo mume wa Debora. Debora alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa wadogo. Kipaimara tulipata pamoja, na tuliolewa mwaka mmoja, yeye ng'ambo ya bonde, mimi upande huu. Alikuwa na mtoto mchanga wa kike.

Upepo ulianza mchana, na mvua nyuma yake. Sisi wa milimani mvua tumeizoea, lakini upepo wa namna ile hata wazee hawakuwa wameuona. Miti ya miwati iling'oka na mizizi yake, migomba ikalala chini shamba zima. Mama mkwe alifunga kamba kwenye boriti ya paa, ncha ya pili akaifunga kwenye kinu, akaniamuru nikikalie. Nikakaa. Paa likivutwa juu, kinu kinanyanyuka, nami ninanyanyuka nacho. Yeye aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kugomba, kana kwamba upepo ni mkwe mwingine aliyemkosea adabu. Niliogopa sana, sikufichi. Kulipopambazuka, kukawa kimya, na ukungu mzito umejaa bondeni.

Sasa sikiliza desturi yetu. Kwetu mabonde ni marefu. Mtu wa ng'ambo unaweza kumsikia akikohoa, lakini kumfikia ni kushuka hadi mtoni kisha kupanda tena, na jua linakuwa limeshakwenda. Kwa hiyo kila asubuhi tulitazama moshi. Ukiona moshi unapenya kwenye nyasi za paa la mwenzako, basi ameamka, anapika, hajambo. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, na tuliiamini.

Asubuhi ile nyumba ya Debora haikuonekana kwa ukungu, ila juu yake nikauona moshi, tena mwingi kuliko siku zote. Nikamshukuru Mungu. Mwenyekiti wa kijiji naye akapita akiitazama mioshi ya ng'ambo, akatutangazia kwamba kule wote salama, tukimbilie ghala la kijiji, paa limeng'oka na mahindi yanalowa. Usimlaumu, mwanangu. Alikuwa mtu mwema, na mahindi yale ndiyo yangetuvusha hadi mavuno. Nikachukua tenga langu niwafuate wenzangu.

Mama mkwe akanizuia mlangoni. Akaniuliza kama nimemwona Debora. Nikamjibu kwamba nimeuona moshi wake. Akalichukua lile tenga kichwani kwangu, akaliweka chini taratibu.

“Pafukapo moshi pana moto, basi,” akasema. “Nani amekuambia pana mzima? Moshi umekuuliza hali? Umeupa mkono? Rafiki hatazamwi kwa mbali kama mlima. Nenda ukamshike.”

Nilitaka kumwambia kwamba ghalani wataniona mvivu. Nikamtazama usoni, nikajifunga kanga kiunoni. Tukashuka wote wawili. Njia ilikuwa tope tupu, tukishika mizizi na visiki. Daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji, tukavuka kwa kushikana mikono, maji yakitufika kiunoni. Nilimwambia angoje, akanijibu kwamba hakuja kungoja.

Tulipofika, nyumba haikuwapo. Ukingo wa juu ulikuwa umeporomoka na kuusukuma ukuta, na paa limelala upande. Debora alikuwa chini ya nguzo, mguu umebanwa, mtoto amefungwa kifuani. Mafiga yalikuwa karibu na mkono wake. Alikuwa ameuokoa moto, akaulisha majani mabichi, kigoda, kirago, mwisho kanga yake ya harusi.

Hakulia. Alinitazama, akasema polepole, maana sauti ilikuwa imemwishia kwa kuita usiku kucha:

“Niliwasikia mkiitana kwenda ghalani. Nikasema, moshi wanauona, watakuja. Kisha nikakumbuka sisi moshi tunausomaje.”

Maneno hayo, mwanangu, nimeyabeba hadi uzee huu. Mwenzangu alikuwa anapiga yowe kwa moto, na sisi ng'ambo tunafurahi kwamba amebandika chungu.

Mama mkwe alimchukua mtoto, aliyekuwa baridi na hana nguvu hata ya kulia, akamtia ndani ya nguo zake, ngozi kwa ngozi. Mimi nikapanda juu ya kifusi nikapiga yowe hadi koo likaniuma. Mwenyekiti aliliacha ghala na mahindi yake, akaja na wanaume wote. Walimtoa, wakambeba kwa machela hadi hospitali ya Bumbuli. Mguu haukupona, ulikatwa. Lakini alirudi, na mtoto akanyonya, akakua. Tangu mwaka ule mwenyekiti aliweka sharti: baada ya tufani hakuna jembe wala tenga linaloinuliwa kabla kila mlango haujabishwa na mtu akatoka. Mahindi mengine yalioza. Hakuna aliyeyasikitikia.

Basi nasaha yangu ni hii. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na jicho la mbali halimwokoi rafiki. Siku hizi mnaulizana kwa simu, mwenzako anakujibu “poa”, nawe unaridhika, unageukia shughuli zako. Pengine kweli ni poa. Pengine amekaa amebanwa, na hilo neno moja ndilo alilobakiwa nalo. Dhoruba ikimpitia mtu, iwe ya upepo, ya msiba, ya ndoa au ya ugonjwa, usiridhike na dalili. Inuka, uchafue miguu, ubishe hodi, umshike mkono. Ukimkuta mzima, mtakunywa chai na hutakuwa umepoteza kitu.

Mungu akupe miguu isiyochoka kuwafikia watu wako. Na siku utakapobanwa wewe, mwanangu, akuletee mtu asiyetosheka kukutazama kwa mbali.