Hukumu ya Banda Niliyoinakili Nusu

Kwa miaka mingi, kila kisa hiki kilipotajwa, nilisema kosa lilikuwa la karani wa mahakama. Nilidanganya. Kosa lilikuwa langu, na nililifanyia chini ya shahada yangu ya chuo kikuu niliyokuwa nimeitundika ukutani.

Niliripoti kazini Dodoma miaka ile ya ruksa, nchi ilipofungua milango, wageni wakimiminika na miradi yao. Siku ya kwanza, Ofisa Uhamiaji wa Mkoa alinikabidhi rejista ya wageni akasema, "Msomi, hapa tunasoma mpaka nukta ya mwisho." Nilicheka moyoni. Nukta nilizijua.

Nilipewa majalada ya wageni waliotiwa hatiani. Aliyefungwa jela tuliweza kumpendekezea PI, yaani ilani ya kumtangaza mhamiaji asiyetakiwa: kibali cha ukaazi kinafutwa, anavushwa mpaka. Aliyetozwa faini tu, ofisi yetu ilimwandikia barua ya onyo.

Likaja jalada la Banda, Mmalawi mchimba visima. Kule Chemba, baada ya mashimo mawili makavu, maji yalitoka. Wazee wakamnywesha wanzuki, ile pombe ya asali, naye akaliendesha gari la mradi hadi ndani ya uzio wa mnada. Ng'ombe walitawanyika, hakuna aliyeumia. Mahakamani alikiri. Akahukumiwa kulipa faini, au kwenda jela miezi sita akishindwa. Akalipa papo hapo. Mimi, nikiwahi chai, nikajaza fomu: jela miezi sita.

PI ikarudi kutoka makao makuu. Banda alipewa siku saba aondoke nchini, sababu ikitajwa kuwa kifungo cha jela.

Mkewe, mwalimu wa Buigiri, alifika kwa bosi wangu, yule Ofisa wa Mkoa, na watoto wawili na stakabadhi ya mahakama. Hakulia.

"Shikamoo mzee. Naomba kueleweshwa. Kama mume wangu yuko jela, huyu anayemaliza ugali wangu kila siku ni nani?"

Bosi akanigeukia. Nikasema labda karani wa mahakama alikosea.

"Basi kalete nakala ya hukumu. Utaisoma hapa, kwa sauti."

Niliisoma. Nilipofika kwenye faini, nikalisoma na lile 'au' nililoliruka. Bosi hakunigombeza, alinisogezea karatasi. Niliandika utetezi wa Banda kwa bidii ambayo tasnifu yangu haikuwahi kuipata, tukautuma kwa faksi pamoja na hukumu nzima. Kosa nililiita "hitilafu ya uandishi". Mwandishi sikumtaja.

Mwaka jana nilistaafu. Wageni niliowaondosha nchini kihalali siwakumbuki majina. Ninayejivunia ni huyu mmoja aliyebaki, na vijana walioachiwa meza yangu nawaambia waombe hukumu yenyewe, wasiridhike na muhtasari wa mtu anayewahi chai.

Siku ya sita ya zile saba, Banda alikuwa kwenye benchi letu na begi lake, mkewe kando. Simu ya mezani ikalia. Bosi alisikiliza, akaitikia "ndiyo afande" mara tatu, akaweka mkono juu ya kisemeo.

"Wameifuta PI. Mwambie wewe, msomi. Na safari hii usiruke neno."