Léocadie Aliyesoma Choo cha Mama Yake

Uvira, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ina watu waliojulikana kwa mitumbwi yao, na wengine kwa hotuba zao. Léocadie alijulikana kwa mavi. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana mwenyewe hakuona haya kuyataja.

Alikuwa mke wa Octave, laboranti wa dispansari, yaani mpimaji wa magonjwa. Uhuru ulipokuja, wengine walirithi nyumba za Wazungu, wengine magari. Octave alirithi mikroskopi moja na foleni ya watu wenye vibakuli. Mwaka wa 1964 waasi walipouchukua mji, daktari alivuka mpaka na kiatu kimoja mguuni, Octave akabaki mtu pekee aliyeweza kumtambua amiba, kile kidudu cha kuhara damu. Mikroskopi aliihamishia kwake, akaifunika kitenge, kwa kuwa wapiganaji walichukua kila chombo chenye kioo wakidhani ni redio ya adui. Nao waliharisha kama sisi. Maji ya dawa waliyonyunyiziwa yaligeuza risasi kuwa maji, walisema. Tumbo halikupata habari hiyo.

Mwezi wa nane mama yake Léocadie, mzee Ernestine, alikimbia mapigano ya Luberizi akafika mjini akiharisha damu. Kulala kwa mkwe wake lilikuwa jambo lisilosemeka: mama mkwe na mkwe hawali pamoja wala hawatazamani usoni. Akapokelewa na Placide, katekista, ng'ambo ya barabara.

Emetini, dawa ya amiba, iliyobaki ilitosha mgonjwa mmoja, na ni dawa inayoupiga moyo kama nyundo. Moyo wa Ernestine ulikuwa umechoka. Kama ugonjwa si amiba, sindano ingemmaliza bure.

"Leta choo yake," Octave akamwambia mkewe. "Ikiwa moto. Ikipoa, amiba anakufa, na minye mwenyewe sioni kitu."

Kibakuli kikaja, moto kabisa, kimefunikwa jani la mgomba. Octave akatazama nusu saa. Hakuna amiba, hakuna damu. Kulikuwa na maganda ya maharage na mayai ya minyoo ya safura.

"Mama yako anakula nini?"

"Siku ine hajakula kitu. Maji tu."

"Basi haya maharage yameanguka toka mbinguni?"

Léocadie akavuka barabara. Mama yake alilala mkekani, mashavu yamebonyea.

"Mama, ile choo ni ya nani?"

Placide, aliyesimama mlangoni, akaanza kuchunguza paa.

"Ya Placide," mzee akasema mwishowe. "Amenisaidia. Ni muntu wa Mungu, iko na afya."

"Iko na minyoo."

"Minye?" Placide akaruka. "Mu tumbo yangu?"

"Nyamaza kwanza, katekista. Mama, unataka kufa?"

"Nataka kufa na heshima. Bwana yako achungulie uchi wangu mu mashini? Nilimupa binti, sikumupa na mavi."

Léocadie akakaa chini, akafikiri.

"Mama, mavi yangu nani alipanguza?"

"Minye."

"Miaka ngapi?"

"Mbili. Weye ulichelewa sana."

"Basi sasa ni zamu yangu. Octave hataona kitu. Nitaangalia minye."

"Weye unajua mashini?"

"Sijui. Kesho nitajua."

Alasiri nzima Octave alimfundisha, kitabu chao kikiwa choo cha Placide, na mwenye kitabu akilalamika dirishani kwamba wanamsoma bila ruhusa. Asubuhi Léocadie akakimbiza kibakuli kutoka ng'ambo, akaweka tone juu ya kioo. Octave akaketi nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, uso ziwani, kama alivyoapa.

"Sogeza polepole. Unaona nini?"

"Takataka... Ngoja. Kuna kitu."

"Inatembea?"

"Inatembea kama mawese yenye kumwangika juu ya meza. Inatoa kidole, halafu inajivuta yote mu ile kidole."

"Mu tumbo yake kuna nini?"

"Vitu vya duara, kama visahani. Tano. Apana, sita."

Octave akafumba macho. "Ni damu ya mama yako, amiba ameimeza. Uko hakika?"

"Ingia uangalie weye mwenyewe!"

Angependa kuingia. Mwanafunzi wa siku moja, dawa ya mtu mmoja, moyo mbovu. Aliinuka, akashika dirisha, akakaa tena.

"Hesabu tena," akasema.

"Sita, Octave. Na moja ingine inakuja nyuma yake."

Octave akamkabidhi mkewe emetini. Sindano alichoma Léocadie, kwa kuwa mahali pa kuchomea napo hapakuwa pa mkwe kupaona. Alijizoeza kwanza juu ya papai. Kila asubuhi alishika mkono wa mzee na kusikiliza mapigo, mumewe akimuuliza kutoka nje: "Inapiga sawa?"

Damu ilikoma siku ya tano. Wakati huo akina mama wa mtaa walikuwa wameshapanga foleni kwa Léocadie, kila mmoja akiapa kwamba choo chake hakiangaliwi na mwanaume. Octave akabaki na wapiganaji na Placide.

Siku ya kumi na mbili alipokuwa akirudi nyumbani, alimwona mama mkwe wake amesimama barabarani. Ernestine akamwona, akakunja kitenge juu ya magoti, akaruka mtaro na kutokomea nyuma ya ua wa matete kama mbuzi aliyeona chui. Octave akageuza uso, kama inavyopasa, akaingia ndani akicheka.

"Mama yako amepona," akamwambia mkewe. "Amenikimbia."