Mguu wa Kumi na Moja

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimetoka chuo na cheti changu, nimeajiriwa kwenye karakana ya elektroniki ya Bi Rehema kule Mikocheni. Nilijiona nimefika. Kama unavyojiona wewe sasa hivi.

Mteja wetu, Mama Neema, alikuwa na mashine ya kufuma masweta ya shule pale Buguruni, mashine kuukuu iliyoendeshwa na ubongo wa kielektroniki, prosesa ya enzi ambazo hata mimi sijazaliwa. Bati lilivuja, maji ya mvua yakaingia kwenye bodi ya saketi zake, njia zote za shaba zikaliwa na kutu. Prosesa tu ndiyo iliyonusurika, na nyingine ya akiba hatukuipata popote tulipouliza. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mabinti aliowaajiri walikuwa wanakaa tu.

“Mkiona hamuwezi mniambie mapema, wanangu,” alisema. “Nisije nikawaweka wale mabinti roho juu bure.”

Kazi ya kuchora bodi mpya nikapewa mimi. Unazijua programu zetu hizi za kuchora saketi: kila kifaa kina alama yake, kisanduku chenye miguu iliyoandikwa namba, na alama hizo hukusanywa kwenye maktaba. Kwa vifaa vya leo, maktaba inakuja na programu yenyewe. Kwa prosesa ya zamani kama ile unaingia mtandaoni, unashukuru kwamba mahali fulani kuna mtu anayependa vitu vya kale na ameichora. Nikaipata, nikaipakua, nikaiweka. Ilikuwa safi, inapendeza macho. Mchoro ukaisha mapema kuliko nilivyoahidi, na nilikuwa najiandaa kuutuma kiwandani, huko nje ya nchi, Bi Rehema alipovuta kiti.

“Hebu nisomee miguu.”

Huo ulikuwa utaratibu wa karakana yake: bodi haitoki mpaka watu wawili wamesomeana, mmoja ana mchoro, mwingine ana karatasi za mtengenezaji, mguu kwa mguu, kwa sauti. Mimi niliona ni mambo ya kizee. Nikamwambia alama ile imepakuliwa na watu wengi sana, ingekuwa na ishu ingeshajulikana.

“Waliopakua wengi,” akasema. “Waliojenga bodi kwa alama hiyo je? Soma.”

Nikasoma huku nimenuna. Tulipofika mguu wa kumi na moja, sikuuona kwenye mchoro. Aliyechora alikuwa ameificha miguu ya umeme ili alama ipendeze, na programu ilikuwa ikiiunganisha yenyewe, kimyakimya. Tukaifichua. Prosesa ile inataka umeme wa aina tatu, na mguu wa kumi na moja ni wa volti hasi tano. Kwenye alama ulikuwa umeunganishwa na ardhi, yaani volti sifuri. Tungeiwasha namna ile, tungeiua, na mashine ya Mama Neema ingebaki chuma chakavu.

Aibu ilinishika. Bi Rehema hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. “Kuchukua kazi ya mwenzio si kosa,” aliniambia. “Ila ukishaiweka kwenye bodi yako, imekuwa yako. Ikiunguza kitu, usije kuniletea jina la mtu wa mtandaoni.”

Kisha akanilazimisha nimwandikie yule mchoraji. Nilitaka kumkaripia kisawasawa, lakini Bi Rehema akafuta nusu ya maneno yangu kabla sijatuma. Jibu lilipokuja, kumbe ni mzee mstaafu, alichora kwa kufuata nakala iliyofifia, prosesa yenyewe hajawahi kuishika, na kati ya wote waliopakua hakuna aliyewahi kumwambia neno. Alishukuru, akarekebisha. Masweta yalifumwa, kwa kuchelewa kidogo, na Mama Neema hajui hadi leo tulivyoponea chupuchupu.

Sasa nakuona na wewe, mwanangu, unavyookota alama mtandaoni. Okota, sikukatazi, ukitaka kuchora kila kitu upya utazeeka hujawasha hata taa. Ila fichua kila kilichofichwa. Tafuta mtu mkae chini msomeane kwa sauti, hata kama unajua, hasa kama unajua. Na ukikuta kosa, mrudishie aliyelifanya kwa adabu, maana huenda anangoja tu mtu wa kumwambia.

Juzi umenijia kwa furaha, umepakua maktaba ya prosesa za zamani ukakuta jina langu mle ndani, miongoni mwa waliochora. Nimefurahi, sikatai. Lakini usiiamini kwa kuwa aliyeichora ni mama yako. Isome. Mungu akupe subira ya kusoma hadi mguu wa mwisho, akupe na mwenzio asiyechoka kukusomea, na kila utakachokiwasha kiwake salama.